Nimerudi Ofisini, na Mama Hataki Kula Peke Yake

Alhamisi, jioni.

Rasharasha imenyesha tangu alfajiri, mvua ile ya kinafiki isiyokupa udhuru wa kubaki kitandani wala haikuachi ukafika kazini mkavu. Nimerudi sasa hivi. Buibui liko kambani, viatu nimevisimamisha ukutani vichuruze maji, na mimi nimekaa upenuni na kikombe cha chai ya mchaichai. Nimechoka, lakini si uchovu wa juzi. Leo nina furaha, na nataka kuiandika kabla haijanitoka.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: naitwa Hidaya. Naishi Gando na mama yangu, Bi Asha, sisi wawili tu. Ofisi yangu iko Chake Chake. Kazi yangu ni kuingiza kwenye kompyuta taarifa wanazoleta mabwana shamba, nani kapanda nini na mvua imemharibia nini. Si kazi ya kujivunia harusini, lakini naipenda.

Kwa muda mrefu kazi hiyo nilikuwa naifanyia hapa hapa nyumbani. Paa la ofisi lilivuja mpaka majalada yakaota ukungu, jengo likafungwa litengenezwe, tukaambiwa kila mtu akafanyie kazi kwao. Tulidhani ni miezi michache. Mafundi walikuja, wakaenda, wakarudi, mwaka ukakatika na mwingine ukaanza, na mimi nikawa mtu wa barazani. Mtandao unashika vizuri pale karibu na kiambaza cha jikoni, basi hapo ndipo palikuwa ofisi yangu: mkeka, meza fupi ya kukatia mboga, kompyuta, na mama pembeni anasuka ukili wa mikeka.

Siku ya mkutano wa kompyuta mama alikuwa akijipitisha nyuma yangu makusudi. Akiona sura za watu kwenye kioo, husimama akawaamkia mmoja mmoja. "Hamjambo wanangu? Mwawezaje huko?" Kisha ananigeukia kwa sauti anayodhani ni ya chini: "Wageni wote hawa, hata chai huwapi?" Mkuu wetu alikuwa akicheka mpaka anasahau tulichokuwa tunazungumza.

Ndani ya kipindi hicho baba akafariki.

Nashukuru nilikuwepo. Nilimshika mkono. Nilikuwepo mama alipokaa eda yake, na ilipokwisha nilikuwepo pia, nikaona namna anavyoangalia mlango kila adhana ya adhuhuri, saa ambayo baba alikuwa akirudi kutoka shamba kuja kula. Watu husema msiba ni siku za mwanzo, lakini mimi naona msiba ni saa ya chakula.

Kisha paa likakamilika, tukaitwa turudi.

Nilidhani nimesahau kazi, kumbe nilichosahau ni njia. Zamani niliondoka hapa kila siku na sikuona tabu. Sasa mwili umezoea ndara na kanga, ukiuvalisha viatu vya kisigino unakushitaki mpaka usiku. Naamka kabla ya alfajiri, napika, napiga pasi umeme ukiwepo, na usipokuwepo nalaza buibui chini ya godoro namuomba Mungu. Seif, kijana wetu wa boda, ananipeleka Wete. Kompyuta naifunga mifuko miwili ya nailoni na kuikumbatia kama mtoto mchanga, kwa sababu dimbwi la pale kwenye mteremko Seif hulipita kwa imani tu, halioni. Wete natafuta gari ya Chake. Ikiwa na bahati inaondoka, ikiwa haina tunakaa tunaangaliana na utingo anatuapia kwamba tunaondoka sasa hivi.

Jioni ni njia ile ile kinyumenyume, na watu wamechoka zaidi. Nafika nyumbani jua limeshalala kwenye minazi.

Lakini lililoniuma zaidi si dimbwi wala viatu. Ni mama na chakula cha mchana.

Mama hali peke yake. Sisemi kwamba hapendi. Hali. Amezaliwa katika nyumba iliyojaa watu, sinia likiwekwa chini mikono inatoka kila upande, akaolewa nyumba kama hiyo, na mtu anayekula peke yake humuona ama mgonjwa ama mchoyo. Nilipokuwa naenda Chake zamani alikula na baba. Baba alipoondoka alikula na mimi. Nikichelewa na kazi yangu barazani chakula kinapoa, naye kakaa nacho mkono mmoja kifuani. "Maliza, mwanangu. Miye n'nakungoja."

Na mama ana sukari. Anakunywa vidonge asubuhi na mapema, na muuguzi alitueleza wazi kwamba vidonge hivyo havitaki mzaha: ukimeza usile, sukari inaporomoka.

Kwa hiyo kabla sijarudi kazini nilikwenda kwa Bi Riziki. Ni jirani yetu wa nyuma, tumetenganishwa na ua wa makuti tu, na ua wenyewe una pengo ambalo hakuna aliyewahi kulifunga tangu mimi mtoto. Bi Riziki naye amefiwa na mumewe hivi karibuni, yuko edani, hatoki kwake mpaka muda wake utimie. Nilimwambia ninavyoogopa. Akanishika bega.

"Wende kazini kwako," akasema. "Mamaako miye n'takuwa n'nampa sahani yake kila mchana hapa uani. Akiiona sahani ya mtu, atakula. Bi Asha ana haya."

Nikarudi nyumbani moyo mweupe. Alfajiri nikawa napika chakula cha mama namuachia kwenye hotipoti, na mchana Bi Riziki anampa sahani yake. Nikasema hapo mama hata akikataa kimoja, cha pili hakimkosi.

Sasa naomba usinicheke.

Kila jioni nikirudi, miguu imevimba na njaa inaniuma, mama ananiwekea chakula. Pweza wa nazi. Siku nyingine kisamvu. Siku nyingine mchuzi wa samaki wenye ukwaju, unaonukia tangu mlangoni. "Bi Riziki kaleta," ananiambia, na mimi nashukuru, natia mkono, naye mama anakula na mimi vizuri tu. Nilikuwa nasema moyoni, angalia baraka za jirani, amempa mama mchana na kikabaki cha kunitosha mimi. Nikamsifu Bi Riziki mpaka kazini. Na hotipoti yangu naikuta tupu, imeoshwa, imefunikwa. Nikawa naamini nimepatia.

Juzi Jumanne gari ilikawia Chake kungoja abiria. Nilifika hapa magharibi inaingia. Nyumba haikuwa na taa. Niliita hodi, nikaita mama, kimya. Nikamkuta kwenye mkeka jikoni, jasho linamtiririka ilhali kuna baridi ya mvua, mikono inatetemeka. Ananitazama lakini ni kama ananitafuta. Akasema jambo nisilolielewa, na mama yangu ni mtu wa maneno yaliyonyooka.

Nilimkorogea maji ya sukari nikamnywesha kijiko kwa kijiko. Nilikuwa namuita mama, mama, mama, kama mtoto aliyepotea sokoni. Taratibu macho yakatulia. Neno lake la kwanza lililoeleweka lilikuwa: "Weye ushakula?"

Nililia hapo hapo, kijiko mkononi.

Nilimuuliza kama alikula mchana. Akasema kala. Nikamuuliza tena, akaapa kala na kashiba. Seif alikwenda kumchukua muuguzi, naye muuguzi akampima mama, akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Akasema huyu mama hajatia kitu tumboni tangu asubuhi.

Jana nikampigia simu mkuu wangu kuomba ruhusa, nikabaki. Baada ya sala ya alfajiri nikapika kama kawaida, kisha nikajilaza chumbani, na uchovu ukanichukua kweli. Kilichoniamsha ni adhana ya adhuhuri, na baada ya adhana, sauti uani. Dirisha langu linatazama ua. Nikachungulia.

Bi Riziki alikuwa upande wake wa pengo, amejitanda kanga, sahani mkononi.

"Bi Asha! Ee, Bi Asha! Hebu pokea."

"Weye nawe," mama akajibu akijikokota, "kila siku? Kwani weye ushakula?"

"Nshakula miye, nshashiba. Kula weye, una dawa weye."

"Haya, ngoja sahani yako."

Mama akaingia jikoni. Akamimina chakula cha Bi Riziki kwenye bakuli letu, akakifunika. Akaosha sahani. Kisha akafungua hotipoti yangu, ile niliyoijaza kabla sijajilaza, akapakua chote kwenye sahani ile, mpaka ukoko. Akarudi nacho uani.

"Sahani yako hii. Na usinirejeshee tena."

"Ah, Bi Asha! Chakula chote hichi! Weye ushakula?"

"Nshakula miye."

Wazee wawili wacha Mungu, kila mmoja tumbo lake linanguruma, wanaongopeana kwenye pengo la ua. Bi Riziki kile chakula cha mama, nilikuja kujua baadaye, alikuwa anawawekea wanawe wanaokuja jioni kumtazama. Na cha Bi Riziki mama alikuwa ananiwekea mimi. Pweza wote wale niliowasifu! Nilipanga mama alishwe, nikaula mpango mwenyewe.

Sijui kama nilikasirika au niliona aibu. Nadhani vyote. Nilitoka chumbani nikasimama mlango wa jikoni.

"Mama, hotipoti iko tupu. Umekula nini?"

Hakushtuka hata kidogo. "N'takula na weye. Si leo uko?"

"Na siku ambazo siko?"

"Siku ambazo huko warudi jioni, tukala. Kwani jioni si chakula?"

"Na Bi Riziki kwa nini unamrudishia chakula chetu chote?"

Hapo akaniangalia kama vile si yeye aliyenilea. "Sahani ya mtu irudi tupu? Waseme Bi Asha kala akapangusa?"

"Si ungetia ndizi mbili tu, au ndimu."

"Mtu kafiwa, kapika kaniletea, nimpe ndimu!"

Hata mimi ningemshangaa mtu wa kurudisha ndimu. Nilikulia humu humu, nilibeba sahani hizo tangu sijajua kufunga kanga, na hakuna hata moja niliyoirudisha tupu. Ndiyo maana najiona mjinga zaidi. Mtu wa kuja angepanga hivyo angesamehewa. Mimi nilijua kabisa kwamba sahani ya jirani ikiingia kwetu lazima kitu kitoke, sikuwaza tu kitakachotoka ni nini.

"Basi nenda ukale naye kwake," nikasema. "Yeye hawezi kutoka, wewe unaweza."

"Saa ya kula? Nibishe hodi kwa mtu chungu kinateremshwa?" Akafunika bakuli kwa kishindo. "Miye asubuhi huenda nikamliwaza, adhana haijatoka nshaondoka. Miye si mroho, Hidaya."

Nikakaa kizingitini. Nikamwambia nililokuwa nimeliamua usiku kucha, kwamba naacha kazi. Nitabaki nyumbani. Nitatafuta la kufanya hapa hapa Gando, Mungu hamtupi mja wake. Sikulisema kwa kumtisha, nilikuwa nimekusudia kweli. Nilishaona jikoni mtu ninayempenda kuliko wote ananitazama na hanijui, na hakuna mshahara wa kunilipa jambo hilo.

Mama aliliacha bakuli. Kisha akaja akakaa kizingitini pembeni yangu, na mlango wetu ni mwembamba, kwa hiyo tulikaa bega kwa bega.

"Babaako," akasema, "akiulizwa ana watoto wangapi, akisema n'na mmoja, yuko ofisini Chake. Hata ulipokuwa ukikaa hapo barazani na ndara zako, mtu akija akikuulizia, akimwambia yuko ofisini, ngoja nimwite."

Nikacheka na machozi yananitoka, kwa sababu ni kweli, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Sasa ukiacha kazi kwa ajili ya chakula changu," akaendelea, "miye haya itaniua kabla ya hiyo sukari."

"Na sukari ikikuua wewe, mimi nitakwenda wapi?"

Alinishika mkono akawa anautazama, anapitisha kidole chake kwenye kiganja changu kama anayetafuta kibanzi. Hatukuwa tumekaa hivyo tangu tumzike baba. Nilijua kwamba hapo ndipo tulipofika mwisho, yeye hatakula peke yake na mimi sitamuacha, na hakuna kati yetu aliye mkaidi kwa ubaya.

Ua wa makuti hauna siri. Tukasikia kikohozi upande wa pili.

"Hidaya!" Bi Riziki akaita. "Hebu njoo hapa pengoni."

Nilikwenda. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakunitazama moja kwa moja. Nadhani alikuwa amesikia kila neno, na alikuwa anaona aibu ya shibe yake ya uongo kama mama.

"Miye n'na haja na mamaako," akasema kwa sauti kubwa, sauti ya kusikiwa jikoni kwetu. "Nataka kumshonea marehemu mkeka wa msikitini, nikitoka eda upelekwe, iwe sadaka yake. Ukili n'nao, mwingi tu. Lakini macho yangu hayaioni tena sindano, na miye sitaki mkeka wa marehemu ushonwe kombo. Gando nzima hapana mkono kama wa Bi Asha."

Jikoni nikasikia mama akiinuka.

"Na kushona mkeka si kazi ya kuinuka katikati," akaendelea. "Ukianza asubuhi mpaka alasiri. Sasa miye n'na muhogo wangu wa shamba, sina kitoweo. Mwambie alete kitoweo chake. Muhogo wangu, samaki wenu. Chungu cha watu wawili hakina mgeni."

Nikageuka. Mama alikuwa amesimama mlango wa jikoni, kanga kaibana kwenye kwapa, uso wa mtu anayefikiri bei.

"Ukili wenyewe wa rangi au mweupe?" akauliza.

"Mweupe, Bi Asha. Msikitini."

"Mweupe waonesha makosa," mama akasema. "Hapo yataka mtu anayejua."

Basi. Hakusema nitakuja wala sitakuja. Alirudi ndani, na baada ya kitambo nikasikia anapekua kikapu chake cha sindano.

Jana mchana tulikula pamoja, mimi na yeye, na mimi nilihesabu kila tonge lake kimoyomoyo mpaka akaniambia niache kumtazama mdomo. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nafikiri, kazi ya mkeka inaweza kumtoa mama nyumbani, lakini je, itamweka kwa watu mpaka chakula kishushwe? Namjua. Anaweza kushona mpaka adhana, akakunja mkeka akasema anakwenda kusali kwake, na asirudi.

Leo alfajiri nilikaanga samaki. Mvua ilikuwa inagonga bati, na mimi najiambia kwamba hii ni siku moja ya kujaribu. Ikishindikana namwambia mkuu, naondoka kwa heri. Nilimpitishia Bi Riziki sufuria pengoni kukiwa na giza bado. Aliipokea kwa mikono miwili, akanitikisia kichwa tu.

Mama alinisindikiza mpaka kwenye boda. Hajapata kufanya hivyo tangu nirudi kazini. Akanifunga vizuri mfuko wa kompyuta, akamwambia Seif, "Huyo taratibu naye," na Seif akaitika, na kweli leo dimbwi tulilizunguka.

Njia nzima sikuiona. Gari ilipopita mashamba ya mikarafuu, mvua inateleza kwenye majani, nilikuwa najaribu kukisia yuko wapi. Sasa kavuka ua. Sasa katandika. Sasa Bi Riziki anamuonesha ukili naye anautoa kasoro. Nilipofika ofisini, paa jipya linang'aa na rangi bado inanuka, nilikaa mbele ya taarifa za mabwana shamba nikaingiza muhogo wa mtu kwenye safu ya mpunga. Nikafuta. Nikakosea tena.

Adhana ya adhuhuri ikatoka. Nikasali. Nikarudi kwenye kiti. Simu yangu nimeiweka juu ya meza, uso juu.

Mama hapigi simu. Ana yake, lakini anasema kuzungumza na mtu usiyemuona ni kazi ya wachawi. Kwa hiyo simu ilipolia na nikaona jina la Bi Riziki, moyo ulinipasuka. Mtu hupigiwa simu na jirani kwa jambo moja tu. Nilipokea nikiwa nimeshasimama.

"Bi Riziki? Kuna nini?"

"Hidaya." Ilikuwa sauti ya mama. "Samaki wako kazidi chumvi."

Nikabana simu sikioni.

"Wanisikia? Chumvi! Tumekunywa maji kama ng'ombe. Hebu kesho utie mkono taratibu."

Nyuma yake nikamsikia Bi Riziki anacheka na kusema mwache mtoto wa watu, kitamu, tumemaliza. Nilifumba macho. Mtu hawezi kujua chumvi ya samaki asiyemla. Angeniambia kala ningemtilia shaka, maana "nshakula" yake naijua. Lakini mama yangu akikitoa kitu kasoro, ujue kakionja, na akikitoa kasoro kwa hasira hivi, ujue kakimaliza.

"Nimesikia, mama," nikasema. "Kesho nitapunguza."

"Haya." Kisha sauti ikateremka, ikawa ile ya kizingitini. "Na weye, mwanangu? Wala na nani huko?"

Kuna jambo sijaliandika hapa tangu nirudi ofisini. Nadhani sikuliandika kwa sababu sikuliona kuwa ni jambo.

Nakula peke yangu. Wenzangu, wanawake wa ofisi, hukusanyika chumba cha nyuma, hutandika, kila mmoja hutoa alichokuja nacho, vikamiminwa kwenye sinia moja. Siku za mwanzo Bi Siti, mkubwa wao, alikuja mlangoni kwangu akaniita. Nikamwambia tangulieni, namalizia kazi niwahi gari ya mapema. Kesho yake akaja tena, nikasema hivyo hivyo. Baadaye wakaacha kuniita, kwa adabu, wasinisumbue. Na mimi nikawa nafungua bakuli langu mbele ya kompyuta, kijiko mkono huu, mkono ule unapanga safu za mpunga na muhogo, na wala sikumbuki ladha ya nilichokula. Hiyo gari ya mapema yenyewe sijawahi kuipata hata siku moja.

Nilikuwa nahangaika na sinia la mama, langu silioni.

"Hidaya? Upo?"

"Nipo, mama. Nakula na wenzangu."

"Alhamdulillahi," akasema, na nikasikia amefurahi kweli. "Basi wende, usiwaweke watu."

Simu ikakatika. Bakuli langu lilikuwa mezani, halijafunguliwa, pembeni ya kompyuta. Nililitazama. Kutoka chumba cha nyuma zilikuja sauti za wanawake, mtu anasimulia kitu na wengine wanamkatiza kwa vicheko.

Nikainuka, nikachukua bakuli, nikaenda. Mlangoni nikavua vile viatu vinavyonibana nikaviacha na vya wenzangu. Bi Siti aliinua kichwa akaniona. Alijivuta upande, akapiga mkeka kwa kiganja mahali alipopaacha wazi, na mwenzake akapokea bakuli langu akalimimina katikati ya sinia pamoja na vyao.

Nikanawa, nikasema bismillahi, nikatia mkono kwenye sinia, na hapo ndipo nikawa sijamwongopea mama.